Kibodi Isiyo na Waya katika Ofisi ya Amri

Ilikuwako nchi moja ambayo, kwa bahati nzuri, si hii. Nilifanya kazi huko miaka ishirini na miwili nikitunza majalada katika Ofisi ya Amri, na sina malalamiko yoyote.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja kwenye ghorofa ya tatu ya Jumba la Neno. Humo ndimo zilimochapwa amri zote za Mtukufu, Kiongozi wa Kudumu, kabla hajazitamka. Mchapaji alikuwa mmoja tu, Bi Sikudhani Mbaruku, mama wa miaka hamsini na mmoja, mfupi, msafi, asiyependa maneno mengi. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amechapa amri elfu nne na kumi. Amri ya kubadilisha jina la mto. Amri ya kuurudishia mto jina lake. Amri ya kukataza chafya wakati wa wimbo wa taifa, pamoja na nyongeza yake iliyowaruhusu wajawazito kupiga chafya baada ya kujaza fomu.

Mwisho mikono ikamchoka. Ilianza kama ganzi ya vidole viwili, ikapanda hadi kiwiko. Akawa anashika kikombe cha chai kwa viganja vyote viwili kama mtoto. Siku moja nilimkuta amekaa mbele ya kibodi yake ya zamani, ile bapa yenye waya mnene, machozi yanamtoka naye anaendelea kuchapa amri ya Siku ya Furaha.

Daktari wa serikali alimpima akaandika: "Apewe kibodi ya ergonomiki na kipanya chake." Ombi lilichukua miezi kumi na minne, na mtu asiseme tulicheleweshwa. Miezi mitano ilitumiwa na Kamati ya Itikadi, kwa sababu neno ergonomiki halikuwahi kusikika nchini, na wajumbe walitaka kujua kwanza ni chama cha wapi na kina wafuasi wangapi. Waliporidhika kwamba ni habari ya viwiko tu, wakaruhusu.

Boksi lilipofika, lilifunguliwa mbele ya watu wanne: Bi Sikudhani, mimi, Mkurugenzi wetu Bwana Tindwa, na Meja Kikoti, mkuu wa Usalama wa Maneno. Meja alikuwa mtu mwembamba mwenye sauti ya chini. Katika nchi ile, mtu mwenye sauti ya chini ndiye aliyeogopwa.

Akaitazama kibodi kwa muda mrefu. Ilikuwa imeinuka katikati kama nundu ya ng'ombe, na pale kwenye nundu ilikuwa imeachana, herufi nusu upande huu, nusu upande ule.

"Imepasuka," alisema.

"Ndivyo ilivyotengenezwa, Meja," alijibu Bi Sikudhani. "Mkono wa kulia una upande wake, wa kushoto una wake. Mabega hayabanwi."

"Kwa hiyo imegawanywa kwa makusudi."

Kugawanya lilikuwa neno zito. Miaka mitatu kabla ya hapo Mtukufu alikuwa ametamka Sheria ya Umoja wa Hesabu, iliyoruhusu kujumlisha na kuzidisha kwa raia wote, kutoa kwa kibali maalumu, na kugawanya kamwe, kwa kuwa taifa lilikuwa moja na halikugawanyika kwa chochote.

Meja akaigeuza kibodi juu chini. "Waya wake uko wapi?"

"Haina waya. Kuna kidude hiki." Bi Sikudhani akamwonyesha kidude kidogo kama punje ya hindi. "Unakichomeka kwenye kompyuta. Ukibonyeza herufi hapa, inaonekana kule."

"Inapita wapi?"

"Hewani, Meja."

"Hewa ya nani?"

"Ya Mtukufu," Mkurugenzi Tindwa aliwahi kujibu, na kwa jibu hilo naamini alituokoa. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu na hakujua afanye nini na mkono wake, akakishika kile kipanya, ambacho kilisimama wima kama kiganja cha mtu anayekupa mkono, akakitikisa taratibu.

Meja alikubali kibodi itumike kwa masharti. Kila asubuhi Bi Sikudhani angetia saini ndipo apewe kidude, na kila saa kumi jioni angekirudisha kwa Meja. Na kwa kuwa maneno ya serikali hayawezi kuachwa yapite hewani bila ulinzi, kompyuta ingesogezwa hatua nne kutoka mezani, na kati ya kibodi na kompyuta angesimama askari wa kuyatazama yakipita.

Askari huyo alikuwa Koplo Mwinjuma, mtu wa makamo, mwenye familia kubwa na mgongo mbaya. Alisimama pale tangu asubuhi hadi jioni, ameinama kidogo upande ili Bi Sikudhani aione skrini. Juma la kwanza aliniambia pembeni kwamba siku za amri ndefu tumbo humsokota. Sikushangaa. Mimi nilikuwa nikizihifadhi tu kwenye majalada, na hata mimi zilinisokota.

Lakini mikono ya Bi Sikudhani ilipona. Niliona kwa macho yangu. Vidole vililegea, mabega yakashuka, akaanza kushika kikombe kwa mkono mmoja. Asubuhi moja alikuja na chapati zimefungwa kwenye kitambaa.

"Nimezisukuma mwenyewe, Ngoda," aliniambia. "Miaka miwili sijashika mti wa kusukumia."

Akampa na Koplo mbili. Koplo alizila palepale alipokuwa amesimama, maana amri haikumruhusu kutoka katikati ya maneno.

Mwezi wa tatu walikamatwa walimu. Walikuwa kumi na saba, wa shule tisa, wote kwa kosa moja. Jalada lao lilipita mikononi mwangu, kwa hiyo nayajua. Mmoja wao, mwalimu wa darasa la tatu, aliwapelekea watoto machungwa kumi na mawili aliyoyachuma kwake. Watoto walikuwa wanne. Akawaambia wachukue sawasawa. Mkaguzi aliyekuwa dirishani aliandika kwamba kila mtoto alionekana na machungwa matatu mkononi, na kwamba watoto walikuwa wakicheka. Mwalimu huyo aliitwa Semeni Mbaruku.

Bi Sikudhani aliendelea kuja kazini saa mbili kamili, akitia saini, akichukua kidude. Ila chapati zilikoma.

Siku tatu kabla ya Siku ya Shukrani, rasimu ya hotuba ya Mtukufu ikaletwa kutoka Ikulu. Alichapa kurasa saba bila kusimama. Ukurasa wa nane alisimama. Niliinua macho kutoka kwenye rafu yangu. Ulikuwa unasema hivi: "Kuhusu walimu kumi na saba waliowagawanya watoto wetu, nimeamua wapelekwe Kisiwa cha Chumvi wakakae huko hadi mwisho wa maisha yao. Majina yao ni haya." Jina la kumi na saba lilikuwa la mdogo wake.

Katika nchi ile Mtukufu akishatamka jambo mbele ya watu, limekuwa sheria palepale. Halihitaji mhuri, na halirudishwi, kwa sababu Katiba ilikuwa na kifungu kimoja tu kilichobaki, nacho kilisema: Mtukufu hakosei.

Mkurugenzi Tindwa alikuwa amekuja kusimama nyuma yake. Akasoma begani.

"Mbaruku," alisema. "Ni jamaa yako?"

"Mdogo wangu. Tumbo moja."

Mkurugenzi alifikiri. Nilimwona anafikiri, na naamini alimwonea huruma, kwa kadiri cheo chake kilivyoruhusu.

"Basi hakikisha umeliandika jina lake sawasawa," alisema, akatoka.

Akaliandika sawasawa.

Siku ya Shukrani ilikuwa Alhamisi. Mtukufu angehutubia saa sita mchana katika ukumbi mkuu, ambao ulikuwa chini yetu kabisa, na taifa zima lingetazama kwa televisheni kwa hiari, wasiotazama wakiandikwa. Hotuba yake haikuwa ikisomwa kwenye karatasi. Ilipanda kwenye skrini ya kioo mbele yake, mstari baada ya mstari, ikiendeshwa na kompyuta iliyokuwa kwenye chumba cha mitambo. Chumba hicho kilipakana na ofisi yetu, ukuta mmoja tu katikati, na mlangoni pake siku hiyo walisimama askari sita.

Asubuhi ile Meja Kikoti alipita ofisi zote akikusanya hatari. Alichukua mikasi, redio, na birika la umeme la Mkurugenzi. Akafika kwetu, akanyoosha kiganja.

"Kidude."

Bi Sikudhani akampa. "Na kibodi, Meja?"

"Bila kidude hiyo ni ubao tu. Ibaki." Akakiangalia kile kidude kwenye kiganja chake. "Hiki nitakiweka mahali salama kuliko pote nchini."

Hakusema wapi. Tulimsikia akiingia chumba cha pili, askari sita wakigonga visigino, kisha akatoka akashuka ukumbini.

Sisi tuliagizwa tubaki ofisini, tutazame. Tulikuwa watatu: Bi Sikudhani mezani pake, mimi kwenye kiti changu, na Koplo Mwinjuma katikati ya chumba, amesimama kati ya kibodi na kompyuta iliyozimwa, kwa sababu hakuna aliyemwambia asisimame.

Mtukufu akaanza. Alikuwa mzee sasa, lakini sauti ilikuwa bado kubwa. Alisoma polepole, na kila alipotamka "taifa moja" watu ukumbini walipiga makofi sekunde arobaini, wakihesabiwa na afisa mwenye saa. Bi Sikudhani alikuwa ameweka mikono juu ya kibodi, si kwa kuchapa, bali kwa kuwa hakuwa na pengine pa kuiweka. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vikitetemeka juu ya herufi, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayegonga meza kwa wasiwasi.

"Na katika mwaka huu," alisema Mtukufu kwenye televisheni, "serikali yangu itajenga, jijijiji."

Akanyamaza kidogo. Ukumbi ukapiga makofi.

Nilidhani ni koo. Bi Sikudhani aliitazama televisheni, kisha akaiangalia mikono yake. Vidole viwili vilikuwa vimelala kwenye J na I. Akaviinua taratibu, kama mtu anayeinua mguu baada ya kuhisi kitu kinachotambaa chini yake.

"Ngoda," alisema bila kugeuka. "Hiki kidude Meja alikiweka wapi?"

"Mahali salama kuliko pote," nilisema, na papo hapo nikageuka kuutazama ukuta wa chumba cha mitambo, iliko kompyuta ya hotuba.

Akabonyeza herufi mbili. Mtukufu kule chini alisema, "Barabara zote, na, zitawekwa lami." Ile "na" haikuwemo kwenye hotuba. Bi Sikudhani alijua. Aliijua hotuba nzima kwa moyo, kila koma.

Mimi ni mtu wa kawaida, sipendi kudanganya: nilitaka kutoka. Tulikuwa ukurasa wa sita. Ukurasa wa nane ulikuwa dakika nne mbele yetu.

"Dada Siku," nilimwambia, "ondoa mikono hapo. Tafadhali."

Alikuwa akifuata hotuba kwa midomo, mstari kwa mstari, nami nikatambua kwamba anahesabu. Fundi wa skrini, aliyekuwa chumba cha mitambo, alikuwa na desturi ya kuweka alama pale anaposoma Mtukufu, na alama ilisogea naye. Chochote alichokichapa Bi Sikudhani kingeingia palepale, mbele ya macho ya Mtukufu. Naye mchapaji asingeona kitu. Skrini yake ilikuwa imezimwa, ya Mtukufu ilikuwa ghorofa tatu chini. Ilimpasa achape kama kipofu, bila kukosea hata herufi moja.

Koplo Mwinjuma alikuwa anamtazama.

"Mama," alisema. "Unafanya nini?"

"Nanyoosha vidole, afande."

Koplo akageuza shingo akaitazama kompyuta nyuma yake. Ilikuwa nyeusi. Akaitazama televisheni. Akamtazama tena Bi Sikudhani, na niliona usoni mwake kwamba ameelewa. Bunduki ilikuwa begani. Mlango ulikuwa hatua tatu kutoka kwake, na nje ya mlango walikuwepo wenzake sita.

"Mdogo wangu yumo katika orodha," alisema Bi Sikudhani. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayemwelekeza mtu njia. "Ukitaka kuwaita, waite sasa. Usiningoje nianze."

Koplo aliutazama mlango, kisha akaitazama tena ile skrini nyeusi.

"Mimi nimeagizwa," alisema mwishowe, "niangalie maneno yanayokwenda kwenye kompyuta hii hapa. Kwenye kompyuta hii sijaona neno." Akageuza uso, akasimama wima.

Ukurasa wa saba ulikwisha kwa maneno "taifa moja". Makofi yakaanza. Sekunde arobaini.

Vidole vya Bi Sikudhani vilishuka. Sijawahi kusikia kitu kitulivu kama ile kibodi. Haikutoa kelele ya ile ya zamani, ilinong'ona tu, nusu kushoto, nusu kulia. Nilimwona akifunga macho. Katikati ya sentensi taa ndogo kwenye nundu ya kibodi ikaanza kumeta nyekundu, betri inakwisha, nami nikaiona, naye hakuiona, na sikuthubutu kumwambia. Makofi yakakatika. Akaweka nukta. Mkono wa kulia ukahamia kwenye kipanya, ukakishika, kidole cha kati juu ya gurudumu.

"Kuhusu wale walimu kumi na saba," alisoma Mtukufu, "nimeamua."

Akasimama.

Alisimama pale, mdomo wazi kidogo, macho kwenye kioo. Kamera ilikuwa karibu naye mno, tukaona ngozi ya shavu ikicheza. Hakuna aliyekohoa ukumbini. Nyuma yake, kwenye kona ya picha, Meja Kikoti alikuwa ameinua kichwa. Nilihesabu sekunde kumi na moja. Bi Sikudhani alikuwa na kidole juu ya gurudumu, jasho linamtiririka toka kwenye kilemba hadi kidevuni, na hakulifuta. Akilizungusha mapema, sentensi yake ingepanda juu ipotee. Akichelewa, yangekuja maneno ya kisiwa na majina.

"Nimeamua," alisema tena Mtukufu, kwa sauti ya chini zaidi, "warudi nyumbani kwao leo hii, wote, na Jumatatu waingie darasani wafundishe."

Gurudumu likazunguka. Mara moja, mbili, hadi nane, kila mara mistari mitatu. Kisha akatoa mkono.

"Mbolea ya kutosha kwa kila mkulima," alisoma Mtukufu.

Wala hakuendelea, kwa sababu hakusikika. Ukumbini watu walikuwa wakipiga makofi. Afisa mwenye saa aliinua mkono wa kuanzisha, akakuta wameshaanza. Akainua mkono wa kusimamisha, hawakusimama. Wengine walikuwa wakilia. Taa ya kibodi ikazimika.

Bi Sikudhani aliweka viganja mapajani. "Ngoda," alisema, "niletee maji."

Walimu walitoka saa nane na nusu mchana ule ule. Mlinzi wa gereza alijaribu kuuliza karatasi, akaambiwa amemsikia Mtukufu au hakumsikia.

Juma lililofuata lilikuwa baya. Ilikaa Tume. Mtu asiyeijua nchi ile angedhani Tume ilichunguza jinsi maneno mageni yalivyoingia kwenye hotuba. Lakini kusema maneno yalikuwa mageni ni kusema Mtukufu alitamka ambalo hakulikusudia, na hilo ni uhaini. Kwa hiyo Tume ilichunguza kwa nini karatasi iliyo kwenye jalada langu ilitofautiana na aliyoyasema. Fundi wa skrini alihojiwa. Alikiri aliona sentensi ikijiandika mbele yake, naye hakuigusa, kwa kuwa katika utumishi wake wote mabadiliko yalitoka juu na hakuna aliyewahi kuyaeleza. Wakampandisha cheo. Wizara ya Ardhi nayo ilileta taarifa kwamba imeshapima viwanja kwa ajili ya kujenga jiji na jiji jingine, kama ilivyoagizwa.

Halafu akaitwa Bi Sikudhani. Nilikuwepo, nikiwa nimebeba jalada.

Meja Kikoti alikuwa amekonda. Yeye alijua alikichomeka wapi kidude. Alijua pia kwamba akikitaja, ametaja mkono wake mwenyewe.

"Karatasi hii inasema kisiwa," alisema. "Mtukufu alisema nyumbani. Nani amekosea?"

Chumba kilikuwa na joto. Nilihisi jalada likiteleza mikononi.

"Mimi, Meja," alisema Bi Sikudhani. "Nilichapa vibaya."

"Ulichapa kisiwa badala ya nyumbani."

"Ndiyo. Mikono ilikuwa imechoka."

Kalamu zote zikaandika. Hata Meja alishusha pumzi, na nadhani kwa mara ya kwanza walikuwa upande mmoja, yeye na Bi Sikudhani. Wangemfukuza kazi na mambo yakaisha. Lakini kabla karani hajafika mwisho wa mstari, mlango ulifunguliwa, akaingia mjumbe wa Ikulu na ujumbe wa mdomo: Mtukufu anamtaka mchapaji.

Hakuna aliyewahi kurudi kutoka huko akiwa na kazi, na wengine hawakurudi. Mkurugenzi Tindwa alimpa mkono, akamwambia pole kabisa, kama msibani.

Yaliyotokea Ikulu alinieleza yeye mwenyewe, kwa maneno machache, kesho yake asubuhi.

Alikuta mzee amekaa peke yake kwenye chumba chenye mapazia mazito, kifundo cha mkono wa kulia kimefungwa bandeji kwa sababu ya kutia saini. Hakumwambia akae.

"Hotuba zangu huzisoma asubuhi," alisema Mtukufu. "Hilo hawalijui. Wanadhani nasoma tu chochote wanachoweka."

Bi Sikudhani aliinamisha kichwa.

"Nilipofika pale nilijua si yangu. Ningeweza kusema yangu, nilikuwa nayo kichwani." Akauangalia mkono wake. "Ulisikia makofi yale?"

"Nilisikia, Mtukufu."

"Miaka thelathini sijasikia sauti ile. Nilikuwa nimesahau inavyoanza." Kisha akainua macho, na Bi Sikudhani aliniambia kwamba hapo ndipo aliogopa kuliko siku yote ya hotuba. "Nani mwingine alikuona?"

Alijua anaulizwa nini. Siri ikiwa ya wawili katika nchi ile, mmoja hupunguzwa. Ikiwa ya wanne, hupunguzwa watatu.

"Hakuna," alisema. "Nilikuwa peke yangu."

"Askari wangu je?"

"Alikuwa amenipa mgongo, akilinda kompyuta. Hakuona neno."

Mzee alimtazama. Hakuamini, hilo Bi Sikudhani alilijua. Lakini alikuwa mtu aliyeambiwa uongo kila siku kwa hofu, na labda huu ulimgusa kwa kuwa haukutoka huko.

"Una mpaka kesho machweo," alisema. "Wewe na mdogo wako. Baada ya hapo sitaweza kukumbuka kwamba nilikuambia."

Waliondoka adhuhuri kwa lori la viazi lililokuwa likielekea mpakani. Niliwasindikiza hadi kituoni. Mwalimu Semeni alikuwa amekondeana, ana jeraha kwenye nyusi, lakini alicheka aliponiona, akaniambia dada yake amemsimulia habari za mtu wa majalada aliyetetemeka kuliko kibodi. Bi Sikudhani alinishika mkono. Mshiko ulikuwa imara.

"Tunza afya, Ngoda. Na umsalimie Koplo. Mwambie sikumpa hata kwaheri."

Nilimfikishia. Koplo Mwinjuma aliniitikia kwa kichwa, akakaa kwenye kiti cha Bi Sikudhani, akavua kofia, akaiweka mapajani.

Meja Kikoti alihamishiwa kusimamia mojawapo ya yale majiji mawili, ambalo hadi leo ni nguzo sita na bango. Bi Sikudhani yuko nchi jirani. Huchapa barua za watu sokoni, na mdogo wake anafundisha shule iliyo karibu. Mwaka jana nilipata barua yao, haina saini, wameniuliza hali.

Hali ni nzuri, sina malalamiko. Mtukufu bado anahutubia kila Siku ya Shukrani. Zamani watu walisinzia, siku hizi hakuna anayesinzia. Hukaa karibu kabisa na televisheni, hata watoto wananyamazishwa. Na mimi nimeona jambo ambalo sidhani kama wengine wameliona. Kila anapofika penye majina ya watu wa kuadhibiwa, mzee yule husimama. Hutazama kioo sekunde nyingi, mdomo wazi kidogo, kama mtu anayesubiri. Kisha, kwa kuwa hakuna kinachobadilika, huyasoma.